India: jimbo lenye ligi na jimbo lisilo na ligi, wote kura moja. Tuuongelee mpira wao kuanzia chini

#1 Kadi Njano

Wakuu, salaam.

Kila India wakipigwa na nchi ndogo, humu jukwaani linarudi swali lilelile: watu zaidi ya bilioni moja wanakosaje wachezaji 11? Oktoba 2025 Singapore waliwafunga 2-1 palepale Goa na safari ya Kombe la Asia 2027 ikaishia hapo. Mwezi uliofuata Bangladesh wakawachapa 1-0 Dhaka. Majibu huwa ni mawili. Ama kriketi imemeza kila kitu, ama Wahindi hawana miili ya mpira. La pili ni upuuzi, tusilipotezee muda. La kwanza lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini ndani ya nchi hiyohiyo kuna sehemu watu wanalala na kuamka na mpira na bado timu ya taifa haipati faida. Mimi naona tatizo liko kwenye vyama vya majimbo, na ndiyo sehemu ambayo wachambuzi wanairuka.

Shirikisho lao, AIFF, lilizaliwa 1937. Wenye kura ni vyama vya majimbo, kila chama kura moja. Kwa sensa ya 2011 Uttar Pradesh ilikuwa na watu karibu milioni 200, Mizoram milioni 1.1. Kura ni mojamoja. Hapo sina ugomvi kabisa, maana ukigawa kura kwa vichwa vya watu, mpira wa India utaongozwa na majimbo yasiyoucheza. Ugomvi wangu ni kwamba chama kinachoendesha ligi ya kweli, yenye ratiba, watazamaji na vijana wanaopanda, kina sauti sawa na chama ambacho ligi yake inaisha ndani ya wiki chache ili tu ionekane imechezwa. Kwa hiyo anayeutaka urais wa AIFF hana sababu ya kujenga mpira popote. Anahitaji wenyeviti tu.

Tazameni uchaguzi wa Septemba 2, 2022. Upande mmoja Bhaichung Bhutia, nahodha wa zamani wa taifa, mtoto wa Sikkim, jina ambalo hata asiyejua mpira wa India amelisikia. Upande wa pili Kalyan Chaubey, kipa wa zamani wa Mohun Bagan na East Bengal, klabu kubwa za Kolkata, siku hizi mwanasiasa wa BJP, chama tawala. Chaubey ni mtu wa Bengal, lakini jina lake lilipendekezwa na chama cha Gujarat na kuungwa mkono na Arunachal Pradesh. Matokeo: Chaubey kura 33, Bhutia 1. Sisemi Bhutia angekuwa rais bora. Klabu yake ya United Sikkim aliyoianzisha mwenyewe ilifika I-League, ligi kuu ya wakati huo, ikashuka, ikafa. Ninachosema ni kwamba 33 kwa 1 siyo uchaguzi uliojadili mpira.

Sasa twende Mizoram, kule milimani mpakani na Myanmar. Mwaka 2012 chama chao, katibu akiwa Lalnghinglova Hmar, kilianzisha Mizoram Premier League kwa klabu 8. Hawakumsubiri mtu kutoka Delhi. Walikwenda kwa Zonet, kampuni ya televisheni ya kebo ya palepale Aizawl, ikadhamini ligi na kuonyesha mechi mubashara. Basi mtu akawa anamuona mtoto wa jirani yake kwenye runinga kila wiki. Mwaka 2014 wakabeba Santosh Trophy, yaani ubingwa wa majimbo, kwa kuwafunga Railways, timu ya shirika la reli, 3-0. Mwaka 2017 Aizawl FC wakawa mabingwa wa India.

Hiyo ya 2017 inataka kusimuliwa vizuri. Msimu wa nyuma yake Aizawl walikuwa wameshuka daraja. Wakarudishwa kwa sababu klabu za Goa, Salgaocar, Sporting na Dempo, zilisusa I-League. Kocha akawa Khalid Jamil, aliyekuwa ametoka kufukuzwa kazi Mumbai. Siku ya mwisho, Aprili 30, wakaenda Shillong wakahitaji sare tu, wakaipata 1-1, pointi 37 dhidi ya 36 za Mohun Bagan. Mji wa watu laki tatu umewazidi Kolkata, Bengaluru, Mumbai.

Zawadi waliyopewa? Wakaambiwa ligi kuu inayokuja ni ISL, yaani Indian Super League, na wao hawamo. Viongozi wa klabu wakatishia kugoma kula mbele ya ofisi za AIFF. Bingwa wa nchi, jamani!

Na hapo ndipo pesa inapoingia. Desemba 2010 AIFF iliuza haki zake zote za kibiashara kwa IMG-Reliance kwa miaka 15, rupia bilioni 7. Kutokana na mkataba huo ikaja ISL mwaka 2014: timu 8 mpya, kununua nafasi, hakuna kupanda wala kushuka. Gokulam Kerala walichukua I-League mara mbili mfululizo, 2021 na 2022, wakabaki walipo. Mlango wa kupanda ISL ulifunguliwa 2023, klabu ya Punjab ikapita. Kwa karibu miaka kumi, jimbo lolote lililojenga mpira wake lilikuwa linapanda ngazi isiyofika darini.

Naomba michango yenu. Wa "Wahindi hawajui mpira" apite tu kimyakimya.

#2 Makorora Boy

Wenyeviti wa mikoa, kura mojamoja, ligi ya wiki chache ili fomu ijae... Mkuu una hakika hii ni India? 😂

Endelea, nimekaa siti ya mbele.

#3 Nyanda wa Zamani

Kadi Njano, uchambuzi ni safi ila umeanza katikati. Huwezi kuongelea ule uchaguzi wa 2022 bila kusema ulifanyika chini ya kivuli cha FIFA.

Praful Patel alikaa kwenye kiti cha urais wa AIFF tangu 2008, mwanzo kama kaimu. Muhula wake wa tatu uliisha Desemba 2020 na uchaguzi haukuitishwa, kisingizio kikiwa kesi ya katiba iliyokuwa Mahakama ya Juu. Mei 2022 mahakama ikachoka, ikamtoa na kuweka kamati ya watu watatu: jaji mstaafu Anil Dave, S.Y. Quraishi aliyewahi kuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya India, na Bhaskar Ganguly, kipa wa zamani wa taifa. Kamati hiyo ilikuja na pendekezo kwamba wachezaji wastaafu 36 wapewe kura sawasawa na vyama vya majimbo. Nusu kwa nusu! Wenyeviti wakaona mkate unaondoka. FIFA nao wakakataa, wakasema kuna mkono wa nje, na Agosti 15, siku ya uhuru wa India, wakaifungia nchi.

Sisi Kenya tunaijua hiyo filamu. Tulifungiwa Februari mwaka huohuo baada ya wizara kuivunja FKF, shirikisho letu, na Harambee Stars wakatolewa kwenye mchujo wa AFCON. Tofauti ni kwamba India walifunguliwa baada ya siku 11, sisi tulikaa hadi Novemba. Wao walikuwa na Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 linaloanza Oktoba kwenye viwanja vyao. Wenye haraka walikuwa wawili, India na FIFA. Mahakama ikaivunja kamati, kura za wachezaji zikafutwa, na huyo Bhutia wako akaingia ulingoni bila wapiga kura wake.

Walioumia ni akina dada wa Gokulam. Walikuwa wameshafika Tashkent kwa mashindano ya klabu za Asia, mabegi yako hotelini, wakaambiwa hamchezi.

#4 Kadi Njano

Nyanda, asante, hiyo ya kura 36 niliiruka makusudi ili uzi usiwe mrefu kama treni ya Tazara. Lakini unanisaidia hoja. Mahakama ilitaka kuwapunguza nguvu wenyeviti kwa kuwaongezea wapiga kura wengine pembeni. Haikuuliza mwenyekiti huyu kwao ameendesha mashindano gani.

#5 Ruwi Baharia

Ndugu zangu, mimi niko Muscat huku. Kazini kwetu Wamalayali wametuzidi wote kwa idadi, na wengi wao ni wa Malappuram, kaskazini ya Kerala. Niwaambie, hao si watu wa kriketi. Ijumaa jua likishuka wanajaza viwanja, wanacheza saba kwa saba, na kila timu ina jina la kijiji chao na mdhamini wa duka la mtu wao.

Kwao Kerala hiyo saba kwa saba ni mfumo mzima. Ni ndondo, tena ndondo ya pesa. Msimu unaanza mvua zikikatika, karibu na Novemba, unakwenda mpaka Mei. Mashamba ya mpunga yakishavunwa wanasimamisha majukwaa ya muda, taa, viingilio vya mlangoni, na watu maelfu wanakuja usiku baada ya kazi. Timu zinaruhusiwa wachezaji wachache wa kigeni, na miaka mingi sasa wanaletwa vijana wa Nigeria, Ghana, Liberia, Ivory Coast. Mwenyeji mmoja aliniambia yeye Kerala Blasters, klabu ya ISL, anaiangalia kwenye simu, lakini timu ya mtaa wake anailipia tiketi.

Sasa Kadi Njano, jambo la kutazama ni hili: yote hayo hayamo kwenye daftari la AIFF. Saba kwa saba wana chama chao wenyewe. Chama rasmi cha jimbo kwa miaka mingi kilikuwa kinawakataza wachezaji waliosajiliwa kwenda kucheza kule, na wao wanakwenda, kwa sababu kule wanalipwa usiku uleule. Kwa hiyo Kerala ina mpira mkubwa kuliko chama chake. Hilo kwenye hesabu yako ya "jimbo lenye ligi" unaliweka wapi?

Wala usiseme ule mpira hautoi kitu. Mwaka 2022 fainali ya Santosh Trophy ilipigwa Manjeri, hukohuko Malappuram. Uwanja wa Payyanad ulijaa, Kerala wakawatoa Bengal kwa penalti. Mwaka uliofuata AIFF wakaipeleka fainali Riyadh, Karnataka akamfunga Meghalaya 3-2. Meghalaya, watu wa milimani, wanacheza fainali yao ya majimbo Saudia. Wenyewe walisema ni kuwapa wachezaji mazingira ya hali ya juu. Mimi naona mashabiki wa Shillong ndio walionyang'anywa mechi.

#6 Dada Refa

Ruwi Baharia, umeipamba sana hiyo ndondo. Ngoja niiongelee kama mtu aliyewahi kushika filimbi.

Mpira usio na mwenyewe wa kumshitaki ukiharibika, unaumiza watu. Machi 2022 jukwaa la muda lilianguka kwenye mechi ya saba kwa saba hukohuko Malappuram, watu wengi wakajeruhiwa. Machi 2024, Areekode, kijana wa Ivory Coast alikimbizwa na kupigwa na mashabiki uwanjani, na mwenyewe alisema alitukanwa kwa rangi yake. Akaenda polisi. Angekwenda kwenye kamati gani ya nidhamu? Hao vijana wa Afrika Magharibi wako pale kwa mkataba wa mdomo au wa karatasi ambayo shirikisho halijawahi kuiona. Akivunjika goti, nani anamtibu?

Na huko Mizoram mnakokusifia, mwanzoni mwa 2025 chama chenyewe kilifungia klabu 3, viongozi 3 na wachezaji 24 kwa kupanga matokeo kwenye Premier League yao. Wachezaji 24! Ligi ndogo, mishahara midogo, mechi zinaonyeshwa mubashara, watu wa kamari wanapenda sana mchanganyiko huo.

#7 Kadi Njano

Dada Refa, la Mizoram ni kweli, na mimi nalisoma kinyume chako. Waliofungia ni chama chenyewe. Kuna ligi, kuna anayetazama mechi, kuna anayeshangaa kipa kaachia mpira gani ule, kuna adhabu. Kwenye jimbo ambalo ligi inachezwa nyuma ya shule mbele ya mbuzi wawili, kupanga matokeo utakugunduaje?

Ila swali la Ruwi Baharia ni zito, naliacha nilifikirie.

#8 Wananchi Damu

Mmesahau kitu kimoja muhimu kuliko vyote: KHALID AUCHO alicheza huko kabla hajaja Yanga. East Bengal 2018, halafu Churchill Brothers ya Goa. Mganda mwingine, Henry Kisekka, alipita Gokulam na Mohun Bagan. Kwa hiyo ligi yao ina faida kwetu. Nimemaliza.

#9 Mzee wa Bandarini

Wanangu, mmeongea majimbo yote mkasahau lile ambalo liliwahi kujiita India nzima.

Chama cha mpira cha Bengal kinaitwa IFA, Chama cha Mpira cha India, na kimekuwa na jina hilo tangu 1893. Ligi ya Kolkata ilianza 1898. Mohun Bagan walicheza fainali ya IFA Shield mwaka 1911 wakiwa pekupeku, isipokuwa mmoja aliyekuwa na viatu, wakawafunga askari wa East Yorkshire 2-1. Kwa watu wa Kolkata huo haukuwa ushindi wa mpira tu. Basi Bengal wakajiona wao ndio mpira wa nchi, na mikoa mingine ikakasirika: kwa nini chama cha mji mmoja ndicho kiseme na London? AIFF ya 1937 ilitokana na mvutano huo. Ile kanuni ya kila jimbo kura moja anayolalamikia Kadi Njano ilikuwa dawa ya ubabe wa Kolkata. Mjue ilikotoka kabla hamjaitupa.

IFA wenyewe ndio waliotoa kombe la Santosh mwaka 1941, na Bengal wamelichukua mara 33. La mwisho katika hizo ni la Desemba 31, 2024 kule Hyderabad, 1-0 dhidi ya Kerala. Lakini ukiwatazama Mohun Bagan na East Bengal wa ISL, watoto wa Bengal kwenye kikosi cha kwanza ni wa kuhesabu. Ndiyo maana IFA wamefika mahali pa kulazimisha kwamba kwenye ligi ya Kolkata kila timu iwe uwanjani na idadi maalumu ya wachezaji wa jimbo. Jimbo lenye mpira wa zaidi ya miaka mia linajilinda dhidi ya klabu zake lenyewe.

#10 Nyanda wa Zamani

Mzee, hapo umetoa elimu.

Mimi niongeze Manipur, kwa sababu ndiyo inayovunja nadharia ya Kadi Njano. Jimbo la watu chini ya milioni 3. Kikosi cha India cha Kombe la Dunia chini ya miaka 17 mwaka 2017 kilikuwa na watoto 8 wa Manipur kati ya 21. Wanawake wao wamechukua ubingwa wa taifa zaidi ya mara 20, mpaka jimbo jingine likichukua inakuwa habari. Ukitafuta ligi ya pesa na televisheni kama ya Mizoram huikuti. Wanachokuwa nacho ni vilabu vya mitaa, kila mtaa na uwanja wake na wazee wanaousimamia.

Halafu Mei 2023 vita vya Wameitei na Wakuki vikaanza. Klabu zao mbili za I-League, NEROCA na TRAU, zikalazimika kupeleka mechi za nyumbani nje ya jimbo. Hakuna katiba ya AIFF inayotibu hilo.

#11 Kadi Njano

Manipur haivunji nadharia, inaipanua kidogo. Lakini sawa, ligi ya televisheni siyo njia pekee, hilo nakubali. Kwa hiyo na Ruwi Baharia nimjibu hapohapo: Kerala ya saba kwa saba na Manipur ya mitaa ni ushahidi kwamba watu wanajipanga wenyewe chama kikiwa kimelala, na chama hichohicho ndicho kinachokwenda kupiga kura kwa jina lao.

Nimalizie na yaliyotokea 2025, maana ndiyo sababu ya kufungua uzi huu. Ule mkataba wa miaka 15 ulikuwa unaisha Desemba. Mahakama ikaizuia AIFF kusaini mpya kabla ya katiba mpya ya shirikisho kupita. Julai waendeshaji wa ISL wakaiweka ligi kando. Agosti Bengaluru FC wakasimamisha mishahara ya kikosi cha kwanza. Septemba 19 mahakama ikapitisha katiba, Oktoba AIFF wakaikubali, zabuni ya kutafuta mwendeshaji mpya ikatangazwa, na ilipofungwa Novemba hakuna kampuni hata moja iliyoomba. Hata moja.

Na mnajua kifungu gani viongozi walikipigania sana kwenye hiyo katiba? Kile kinachosema huwezi kuwa kiongozi wa taifa na wa jimbo kwa wakati mmoja. Wakati huo nchi ilikuwa haina ligi kuu, kuna wachezaji wasio na mshahara, watu walibishania kubaki na viti viwili.

Hata hivyo timu ya taifa tangu Agosti 2025 iko kwa Khalid Jamil, yuleyule wa Aizawl. Akishindwa naye tutaambiwa ni miili ya Wahindi.

#12 Dada Refa

Malalamiko tumeyasikia. Ungepewa kalamu, ungeandika kifungu gani?

#13 Kadi Njano

Mwaka 2023 ilianzishwa I-League 3, ligi ya taifa ya daraja la chini, na vyama vya majimbo vikawa vinateua klabu kutoka kwenye ligi zao. Mimi ningefunga kura kwenye hilo. Jimbo lisiloendesha ligi yenye idadi ya mechi iliyokubaliwa, ya wanaume na ya wanawake, kwa misimu miwili mfululizo, linahudhuria mkutano mkuu bila kura. Likicheza, kura inarudi.

#14 Mzee wa Bandarini

Na nani atahesabu mechi? Kamati iliyochaguliwa na hao hao?

#15 Dada Refa

Ripoti za waamuzi, mzee. Kila mechi ina ripoti yenye saini, vikosi na muda. Kughushi mechi moja ni rahisi, kughushi msimu mzima wenye wachezaji 300 ambao kila mmoja ana simu, siyo rahisi.

#16 Ruwi Baharia

Basi na ripoti za saba kwa saba nazo zihesabiwe, Kerala watapata kura kumi 😄

#17 Makorora Boy

Mods, hamisheni uzi huu jukwaa la siasa.